Madigadi ya Kushoto

Igogo, huku juu kwenye mawe,
Mwanza.
Jumapili, 27 Julai 2025.

Mpendwa dada yangu Justa,

Shikamoo dada. Nimeketi mezani, lakini shikamoo hii ipokee kama vile nimeinama mbele yako, maana ni wewe uliyetulea baada ya mama kutangulia.

Sikio lako linaendeleaje? Tangu uliponitumia ujumbe kwamba simu siku hizi inakuvumia kama nyuki ndani ya kopo, nimeona nirudi kwenye kalamu. Mwandiko uniwie radhi. Shule yangu unaijua ilipoishia, na vidole vyangu vimezoea nyundo. Mgongo wa shemeji je? Na hiyo baridi ya Njombe ya mwezi wa saba mnaivumiliaje? Huku asubuhi upepo wa ziwani ukipuliza kidogo tu watu wanavaa masweta, nami nawaambia ninyi hamjafika kwa dada yangu.

Sisi hatujambo kwa neema ya Mungu. Goti langu la kulia linanisumbua nikichuchumaa, na kazi yenyewe ni ya kuchuchumaa, lakini nasogea. Wifi yako Rose ni mzima kabisa, ila amenikasirikia kwa ajili ya mbuzi, na sababu yake utaisoma mbele. Mzigo wa maparachichi ulifika salama, asante sana. Mawili tu ndiyo yalibonyea njiani, na hayo dada siwezi kuyanyoosha, hayana bati. Tuliyala kwa mkate siku ileile.

Sasa nikueleze jambo lililonifanya nikae chini kuandika. Dada, mwezi huu nilibakiza kidogo tu kuvunja ndoa ya watoto wa watu, na nilitaka kuivunja kwa herufi moja.

Kuna mzee anaitwa Ngosha, mfugaji wa kule Kisesa. Ni mtu wa maneno machache, wa kofia pana, yule ambaye ukimsalimia anakutazama kwanza kama anahesabu mbavu zako. Mwezi wa tano alikuja gereji kwangu Nyakato na lori, na juu ya lori kulikuwa na Pijo 404 ya zamani, saluni, zile zenye mapezi mawili nyuma kama samaki. Alilitoa kwenye banda la kuku la mtu kule Magu. Nguzo ya banda ilikuwa imeliangukia kwenye paa, boneti limekunjamana, na chini ya milango kutu imekula mpaka unaona ardhi. Kuku walitaga ndani yake miaka na miaka. Siku ya kwanza nilitoa mayai kumi na moja viza kwenye kiti cha nyuma.

Mzee Ngosha alizunguka gari mara moja, akaniambia, "Kashindye, bati kwa bati."

Maana yake ni hii: palipooza pakatwe, pawekwe bati jipya, pachomelewe. Nisijaze kwa puti. Puti ni ule ujiuji tunaoupaka kusawazisha kabla ya rangi. Ukiupaka mwembamba kama utando wa uji, hauna dhambi. Lakini wapo wanaoufanya kuwa bodi. Wanaziba nalo tundu linalopitisha ngumi, wanapiga msasa, wanapiga rangi, gari linang'aa kama bibi arusi, na baada ya masika mawili linaanza kubanduka.

Nikamwambia bati kwa bati, mzee. Tukapeana mikono.

Dada, niliipenda kazi ile. Miaka hii magari yanayokuja ni ya bati jepesi, ukigonga kidogo linakunja uso. Pijo lile lina bati la watu walioamini kesho ipo. Paa nililifungua kutoka ndani, nikaanza pembeni mwa kibonyeo nikizunguka kuja katikati, maana ukianzia katikati bati linakasirika, linatanuka, halafu linakuwa linabonyea na kurudi, blo, blo, kama mfuniko wa kopo. Palipotanuka napachoma kwa gesi mpaka doa dogo liwe jekundu, halafu napapangusa haraka na kitambaa cha maji. Bati linajikusanya lenyewe. Ungekuwepo ungeliona linavyojivuta, kama mtu aliyeitwa jina lake kanisani akiwa anasinzia.

Basi mwezi wa sita wote nilikuwa na Pijo. Paa likakaa, boneti likakaa, milango ikapata vizingiti vipya. Pakabaki madigadi ya nyuma ya kushoto, ule ubavu unaofunika gurudumu. Hiyo ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote, kwa ndani kutu imekula mpaka kwenye pezi. Nikaiacha mwisho kama mtoto anavyoacha mboga.

Siku ya Saba Saba Mzee Ngosha akanipigia simu. Kulikuwa na upepo na ng'ombe wanalia nyuma yake. Akasema, "Kashindye, fanya limalizike. Jumamosi ya talehe kumi na tisa nalipeleka mahali." Akakata.

Nikawaza, kumbe analipeleka mahali. Yaani sehemu. Kwa mnunuzi labda, Geita au Kahama, kwa wale wenye pesa za dhahabu wanaopenda vitu vya zamani. Nikaona basi ni gari la kuuza, linakwenda kwa mtu nisiyemjua, na siku zilizobaki ni chache. Jirani yangu Alexander, anayepiga rangi, naye akaniongezea, "Fundi, mnunuzi anaangalia rangi. Nani atakuja kugonga gonga?"

Nikajaza puti, dada. Madigadi nzima ya kushoto. Nikaisugua ikawa laini kuliko ile ya kulia iliyo ya bati la kweli. Alexander akapiga rangi ya maziwa aliyoichanganya kwa macho, ikatoka nzuri mpaka watu wa gereji za jirani wakawa wanakuja kupiga picha. Nami nikasimama pale napokea sifa.

Jumatano, tarehe kumi na sita, Mzee Ngosha akaja mwenyewe. Akalizunguka gari, na kwa mara ya kwanza nikamwona anacheka. Akatoa kadi kwenye mfuko wa koti akanipa. Nikasoma: Familia ya Ngosha inakualika kuisindikiza katika safari ya kupeleka mahari ya kijana wao Shimba kwa familia ya Mzee Jairo, Pasiansi, Jumamosi tarehe 19 Julai. Mahari, dada. Imeandikwa kwa r, nyeusi, imekolezwa.

Kabla sijaimeza vizuri, mzee akavua kofia. Akasema kwao ng'ombe wa mahari hawaondoki zizini bila kuombewa, na kwa kuwa mimi ni mtu wa kanisa, basi niliombee gari.

Nikaweka mkono kwenye madigadi ya kushoto kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Nikaanza, "Ee Mungu Baba, tunalileta mbele yako gari hili, ulibariki kuanzia mbele hadi..." Nikakwama. Chini ya kiganja changu najua kuna nini. Mzee amefumba macho anasubiri hadi wapi. Nikajaribu tena kutoka mwanzo, nikaishia palepale. Nikaondoa mkono.

"Mzee, ngoja kwanza," nikasema. "Hukuniambia kwamba ni gari la mahari."

Akafungua macho. "Sikukwambia? Saba Saba nilikupigia nikakwambia nalipeleka mahali!"

"Ndiyo, mahali."

"Ndiyo, mahali! Ulitaka nikwambie mala ngapi?"

"Mimi nilidhani mahali, mzee. Mahali kama sehemu. Kwamba unalipeleka sehemu."

"Sehemu gani?"

"Ndiyo nilikuwa sijui."

Akairudisha kofia kichwani. Kisha nikamweleza yote, kwamba madigadi hii si bati, ni puti tupu, na kwamba hata lingekuwa linakwenda kwa mganga wa kienyeji tulishapeana mikono. Akakaa juu ya tairi. Nilidhani atanipiga na fimbo, na ningekubali.

"Kashindye," akasema, "ungekaa kimya ningejuaje?"

"Usingejua, mzee. Langi imefunika." Dada, hofu ilinirudisha Kisukuma chetu cha nyumbani, nikasema langi.

"Langi!" akasema. "Yule mzee haoni langi. Haoni kitu chochote."

Ndipo akanieleza. Mzee Jairo, baba wa binti, ni mtu wa Mara, wale Waluo wa ukingoni mwa ziwa. Alikuwa dereva wa misheni huko kwao tangu ujana, na gari lake lilikuwa Pijo 404. Presha ya macho ilimpofusha, sasa ni mwaka wa sita. Siku ya kupanga mahari, Mzee Ngosha alianza kuwasifu ng'ombe wake mmoja mmoja, rangi na pembe. Mzee Jairo akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ndugu yangu, wote hao kwangu ni weusi. Punguza ng'ombe, unitafutie Pijo. Siendeshi. Nataka nilipapase na nisikie mlango wake ukifungwa." Watu walicheka wakidhani ni mzaha. Wadogo zake hawakucheka. Mmoja anaitwa Okech, anafanya biashara ya samaki, yeye alitaka ng'ombe na si kitu kingine. Akaweka sharti mbele ya wote: gari hilo likaguliwe kama ng'ombe, na likikutwa na hila hata ya ukucha, mazungumzo yanaanza upya na Favour anabaki nyumbani kwao. Favour ndiye binti mwenyewe, muuguzi.

Kwa hiyo dada unaona. Shimba na Favour wamengojana miaka minne, arusi imetangazwa kanisani ni mwezi wa tisa, na yote yalikuwa yamekaa juu ya puti langu. Na mkaguzi mkuu ni kipofu, mtu ambaye rangi haiwezi kumdanganya. Angegonga mara moja tu. Bati likigongwa linaitika, puti linanyamaza.

Mzee Ngosha akainuka. "Una siku mbili. Na Jumamosi unakuja. Wewe uliyesikia mahali ndiye utakayeeleza."

Alhamisi nikafika gereji kabla ya jua. Nikawasha grenda nikaanza kuibandua madigadi. Alexander akaja anapiga mluzi, akasimama mlangoni, akaona rangi yake inavyoruka vumbi. Akashika kichwa.

"Fundi, umelogwa?"

"Nilikuwa naomba," nikamwambia.

"Basi usiombe tena, utatumalizia magari."

Lakini alikunja mikono ya shati akaja kunishikia bati. Nilikata paa la Datsun moja lililokufa nyuma ya gereji, bati lake lina unene uleule. Nikaliweka juu ya mfuko wa mchanga wa ziwani, nikaanza kulipiga taratibu kulitafutia tumbo. Madigadi ile ina tumbo, halafu inapanda kwenda kwenye pezi, halafu pezi linakatika ghafla. Sikuwa na kielelezo ila ile ya kulia, na hiyo iko kinyume. Nikawa nafumba macho napapasa ya kulia kwa mkono wa kushoto na bati jipya kwa mkono wa kulia. Miaka thelathini ya ufundi sijawahi kufanya kazi nimefumba macho. Nilijua atakayeisoma ataisoma hivyohivyo.

Ijumaa jioni nikamaliza kuchomelea na kusugua. Nikagonga. Ikaitika. Alexander akagonga naye, akatikisa kichwa, akasema inaitika kuliko milango. Lakini ile rangi ilikuwa imeisha, na kuitengeneza nyingine ifanane ingechukua siku. Tukapiga praima ya kijivu ili kutu isije, basi. Gari zima la maziwa, na tako moja la kijivu.

Jumamosi tukaenda. Mzee Ngosha alitangulia na ng'ombe waliobaki kwenye lori, Shimba akaendesha Pijo polepole, nami nimeketi pembeni yake. Njiani kwenda Pasiansi yule kijana akaniuliza: "Fundi, wakikataa?" Nikamwambia wakikataa nitalala mimi mbele ya geti lao. Akacheka kidogo tu, kwa adabu.

Pale Pasiansi tukapokelewa kwa vigelegele. Mzee Jairo alikuwa amewekwa kwenye kiti barazani, koti jeupe, miwani myeusi. Okech ndiye aliyekuja mbele, mrefu kama mlingoti, fimbo mkononi. Akaanza ukaguzi, na watu wote wakasogea maana anajua kuchekesha.

"Huyu ng'ombe anatembea bila kuchungwa. Mmempa nini? Fungua mdomo!" Boneti likafunguliwa. "Meno yapo. Macho je?" Shimba akawasha taa. "Anaona. Pumzi?" Honi ikalia, akina mama wakaruka, vigelegele tena. Akazunguka, akafika nyuma kushoto. Akasimama. Akaigusa kwa ncha ya fimbo.

"Wakwe. Huyu ana baka matakoni."

Upande wao wakacheka. Upande wetu wakaangalia chini.

"Sisi hatukatai baka," akasema Okech, na sasa hachekeshi. "Tunakataa baka lisiloelezwa. Nini kimefichwa hapa?"

Mzee Ngosha akanigeukia mimi, na kila mtu akageuka naye.

Dada, unajua sijawahi kusimama mbele ya watu ila kusoma matangazo ya jumuiya. Nikavua kofia nikasema: "Naitwa Elias Kashindye, mimi ndiye fundi. Hapo hakuna kilichofichwa sasa. Kilikuwepo. Niliahidi bati nikaweka puti, nikapaka rangi nzuri juu yake, kwa sababu nilidhani gari linakwenda kwa mtu nisiyemjua. Juzi nikaitoa nikaweka bati. Rangi ikakosa muda. Mzee Ngosha hana kosa. Kosa ni langu, na baka hilo ni la kwangu."

Mama mmoja nyuma akasema, "Ee, huyu naye!" na sikujua ni sifa au ni tusi. Okech akawaita wenzake pembeni, wakaanza Kijaluo cha chini chini. Favour alikuwa amesimama dirishani, ameshika pazia. Shimba alikuwa anatazama viatu vyake. Nikawa nasema Salamu Maria kimoyomoyo, nimefika ya tatu.

Ndipo Mzee Jairo akagonga fimbo yake sakafuni. "Mnajadili gari langu mimi nikiwa hapa?"

Favour akatoka mbio akamshika mkono, akamshusha. Mzee akaanzia mbele kulia. Hakuwa na haraka. Kiganja kinatambaa, halafu vifundo vya vidole vinagonga, halafu anainamisha sikio. Boneti. Mlango. Nyuma. Akazunguka mapezi yote mawili, akatabasamu peke yake. Akafika madigadi ya kushoto. Akaipapasa kutoka chini kupanda tumboni hadi kwenye pezi. Akagonga. Akasogea akagonga mlango ulio karibu, akarudi akagonga tena palepale.

"Okech."

"Kaka."

"Baka liko wapi?"

"Si hapo ulipoweka mkono!"

Mzee Jairo akagonga mara nyingine, taratibu. "Mbona mimi silioni?"

Dada, sijui nikuelezeje. Kwanza hakuna aliyethubutu. Halafu Okech mwenyewe akapasuka kicheko, akalazimika kushika gari asianguke, na uwanja mzima wa watu ukafuata, wao na sisi. Mzee Ngosha alicheka mpaka kofia ikadondoka. Mzee Jairo alisubiri wanyamaze, akamwambia Favour afungue mlango wa mbele na kuufunga. Akaufunga. Ule mlango unafunga kwa sauti moja tu, nzito, kup, bila mwangwi. Mzee akavua miwani akapangusa macho, akasema, "Haya. Wapeni watu chakula."

Basi ndivyo mahari ilivyopokelewa. Okech hakukosa la kusema. Alidai kwamba kaka yake hajaliona baka lakini wao wenye macho wameliona na limewaumiza, kwa hiyo waletewe mbuzi wa kutuliza macho. Nikanyoosha mkono nikasema mbuzi ni wangu. Na kwa kweli si wangu, ni yule wa Rose aliyekuwa anamlishia Krismasi. Hapo ndipo penye kesi niliyokuambia. Siku ya kumchukua Rose alinitazama akaniambia, "Hata huyu nenda kamwambie Okech umemjaza puti." Tangu hapo ananipa chai bila neno. Najua itapita.

Jumatano iliyopita nilirudi Pasiansi na Alexander kupiga rangi. Mzee Jairo alitaka akae ndani ya gari tukiwa bado tunasugua. Akashika usukani, gari limezimwa, akawa anasafiri. Ananiambia tulipo: sasa tunapanda, hapa pana ng'ombe wa watu punguza mwendo, hapa ni Kirumi kwenye Mto Mara, enzi zile hakuna daraja, tungoje kivuko. Akaacha usukani akakunja mikono, akasubiri kivuko. Favour alikuwa ameketi pembeni yake na sare za kazi, anatakiwa zamu, lakini alingoja naye mpaka kikaja.

Sasa dada nikuambie ambalo sijamwambia mtu, hata Rose. Watu wananisifu kwamba nimesema kweli. Kanisani leo katekista amenishika bega. Lakini usiku najiuliza, kama kweli lingekuwa linakwenda mahali, kwa mtu wa Geita au Kahama, je, ningeibandua? Hapana. Ningelala usingizi wangu. Yaani nilitubu kwa sababu nilimjua anayeletewa. Na ni magari mangapi nimeyapeleka mahali kwa miaka thelathini? Hayo siwezi kuyaita yarudi.

Alhamisi hii kaja kijana mmoja na gari aina ya Noah, mlango umeoza chini. Akasema, "Fundi, jaza puti fasta, naliuza." Nikamuuliza analinunua nani. Akasema, "Sijui, mtu tu." Nikamwambia mimi naweza kukata na kuweka bati, puti siweki. Akacheka, akaniuliza kama nimeokoka, akaondoka nalo gereji nyingine. Jana nimeliona kando ya barabara limeandikwa linauzwa, linang'aa. Sikuumia. Nilisimama nikalitazama, nikaendelea na safari yangu.

Naomba basi, dada, unisaidie jambo moja. Katika rozari yako ya jioni mtaje huyo mtu tu, yule atakayelinunua Noah. Jina hatulijui, lakini Mungu anamjua, na masika yatakapofika atakuwa amefungua mlango huo kila siku akidhani kwamba ni bati. Mimi nimeanza kumwombea.

Msalimie sana shemeji, mwambie mgongo aukande kwa maji ya moto na aache ubishi. Msalimie mwanao Roza na watoto wake, na majirani zako wote wanaokusomea ujumbe wa simu. Rose anakusalimu, hilo amelisema mwenyewe kwa mdomo wake, ni neno la kwanza refu wiki hii. Mwenyezi Mungu awafunike kwenye baridi hiyo, alisafishe sikio lako, na atujalie tuonane macho kwa macho kabla mwaka haujaisha.

Ni mimi mdogo wako uliyenibeba mgongoni, nikupendaye siku zote,

Elias Kashindye.